Dakika Arobaini za Mama Gramu

Wauza nyama ndio waliompa jina hilo, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kupita madukani na sokoni na sanduku la mawe ya mizani, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Mkaguzi mwingine akikuta upungufu wa gramu kumi alikohoa tu na kuendelea na safari yake. Yeye alifunga bucha kwa gramu kumi. Tena alisema mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Hizi gramu kumi si zako. Ni za huyu mama aliyepanga foleni." Wakamwita Mama Gramu, mwanzoni kwa kumzomea, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata mumewe alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Alilibeba sanduku lile miaka ishirini na miwili. Lilikuwa na uzito wa kilo kumi na nane na hakumruhusu mtu amsaidie, kwa sababu aliamini kwamba anayekubali kubebewa sanduku na muuzaji amekwisha kuanza kufumba jicho moja.

Alipofika umri wa miaka hamsini na mmoja alianza kutokwa na damu, ilhali siku zake zilikuwa zimekoma zamani. Alinyamaza nayo miezi mitano. Hilo lilikuwa kosa, na ninaliandika wazi kwa sababu wapo wanaolifanya leo hii. Alinyamaza kwa sababu ya mahali damu ilipotoka. Kama ingetoka puani, angekwenda hospitali siku hiyo hiyo. Walipompima walikuta saratani ya mfuko wa uzazi. Akapasuliwa, akapigwa mionzi, akawekewa dripu za dawa kali ambazo zilimnyonyoa nywele na kuufanya mdomo wake uonje chuma kila alipokula. Kazini alisema ana uvimbe tumboni. Neno saratani hakulitamka, na neno uzazi ndiyo kabisa.

Baada ya miezi minane daktari alimwambia kuwa ugonjwa hauonekani tena. Ndugu walipiga simu kumpongeza. Kila mtu alingoja ainuke na kuwa yule wa zamani, na yeye mwenyewe aliwashinda wote kwa kungoja.

Hakuinuka. Alilala saa kumi mfululizo, akaamka kama mtu aliyekuwa akipakua magunia. Akimaliza kupiga mswaki ilimbidi akae kwenye kigoda kando ya beseni kabla ya kuosha uso. Siku moja mumewe alimkuta mezani jikoni amelala, kisu mkono huu na kitunguu mkono ule, kitunguu hakijamenywa hata ganda moja.

Mumewe alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na aliyapima mambo yote kwa barabara. "Mama Gramu," alimwambia, akimtoa kisu mkononi taratibu, "injini iliyotoka kufunguliwa haipandishwi mlima na mzigo siku hiyo hiyo. Kaa, nimenye mimi."

"Sijawa gari bovu," alimjibu.

"Nani kasema bovu? Nimesema imefunguliwa. Hata mpya hufunguliwa."

Alitaka kucheka, ila aibu ilimzuia. Mwanamume yule alikuwa akifagia, akipika na kufua mashuka, na yeye, aliyezoea kupanda na kushuka masoko matano kwa siku, alikuwa kitini akimtazama. Majirani walipogonga aliinuka haraka akashika fagio, ili wamkute amelishika.

Hospitali ilikuwa na kikundi cha wanawake waliomaliza matibabu kama yake. Walikutana kila Jumanne asubuhi katika chumba cha nyuma kilichokuwa zamani ghala la vitanda. Kilikuwa na viti vya plastiki, mikeka ya mpira iliyokunjwa pembeni, na feni iliyogeuza shingo yake upande mmoja tu. Aliyewaongoza alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwembamba mwenye viatu vya kamba, ambaye wote walimwita Binti.

Binti aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Uchovu wao si uvivu, wala hauondoki kwa kulala zaidi. Mwili unaolala mchana kutwa hupoteza misuli, na misuli ikipungua, hata kupanda ngazi huwa kazi nzito, na mtu huzidi kuchoka. Dawa yake ni kutembea kidogo kila siku, kwa hatua ya mtu anayeweza bado kuongea, na kuacha kabla nguvu hazijaisha. "Ukirudi nyumbani ukaanguka kitandani, ujue umezidisha," alisema. "Wiki hii dakika tano, wiki ijayo sita au saba. Siku mbaya, punguza. Nataka kidogo, lakini cha kila siku."

Sehemu ya pili ilikuwa kukaa. Kukaa tu. Walikaa wima vitini, viganja mapajani, wakafuata pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakija, hawakuyafukuza wala kuyafuata. Waliyaona, wakarudi kwenye pumzi. Uchovu ukija, waliutazama vilevile: uko wapi, kwenye mapaja au kwenye mabega, ni mzito au unawaka. "Msiugombeze," alisema Binti. "Nguvu nyingi zinaishia kwenye kujilaumu. Hizo tunazihitaji kwa kutembea."

Mama Gramu alifumba macho kama wengine. Ila kichwani alipanga orodha ya maduka ambayo hayakukaguliwa tangu augue. Kuhesabu pumzi aliona ni kazi ya watu wasio na kazi.

Kila mmoja alipewa daftari dogo lenye safu tatu: dakika za kutembea, dakika za kukaa kwa utulivu, na kiasi cha uchovu, kuanzia sifuri hadi kumi. Wiki ya kwanza aliandika kweli tupu. Dakika nne. Dakika tano. Dakika nne. Uchovu nane.

Walipokutana tena kila mmoja alisoma ya kwake. Mwalimu wa chekechea aliyekaa mlangoni alisema kumi na mbili. Muuza mchele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja, alisema saba, "na mbili kati ya hizo nilikuwa nimeegemea ukuta wa watu, mbwa ananitazama." Wote walicheka. Zamu ya Mama Gramu ilipofika alisema "nne" kwa sauti ndogo kiasi kwamba Binti alimwomba arudie.

"Nne, mama? Vizuri sana!"

Lile "vizuri sana" lilimchoma. Lilikuwa neno la kumwambia mtoto aliyejifunga kamba za viatu.

Siku mbili baadaye mkuu wake wa kazi alipiga simu. Ukaguzi mkubwa wa masoko yote ungeanza baada ya miezi miwili. Alimtaka awepo. Lakini alihitaji barua kutoka hospitali, inayosema kwamba anaweza kutembea na kubeba. Asipoileta, suala lake lingepelekwa kwa wanaoshughulikia kustaafisha wagonjwa.

"Utaipata," alisema Mama Gramu. "Naendelea vizuri mno."

Alikata simu, akafungua daftari, akaandika: dakika kumi na mbili.

Huo ulikuwa uongo, na sioni jina lingine la kuupa. Wapo watakaosema alikuwa mgonjwa, alikuwa na hofu, alitaka kulinda kazi yake. Yote hayo ni kweli. Wauzaji aliowafungia nao walikuwa na hofu, nao walikuwa na kazi za kulinda, na yeye hakuwahi kukubali sababu hizo hata mara moja.

Akaendelea. Kila asubuhi alimuaga mumewe, akavaa raba, akashuka ngazi za ghorofa mbili akishika ukuta, akazunguka nyuma ya jengo. Hapo palikuwa na tangi la maji juu ya matofali, na kando yake kibaraza cha saruji ambacho hakikuonekana kutoka dirisha lolote. Alitembea dakika tano au sita kwanza; hilo hakuliacha. Kisha alikaa kwenye kibaraza, akatazama saa yake ya mkononi hadi muda aliotaka kuuandika ukatimia. Akapanda nyumbani. Mumewe alimpokea na glasi ya maji: "Leo umekwenda mbali, kamanda." Aliinywa bila kumtazama.

Na ujuzi wake wa kazi ndio uliomsaidia kudanganya. Katika miaka yake alikamata vitabu vingi vya uongo madukani, na wenye vitabu hivyo aliwakamata kwa jambo moja: mwongo hupenda namba za mviringo. Huandika ishirini, thelathini, arobaini. Basi yeye aliandika kumi na saba, ishirini na tatu, kumi na tisa, thelathini na moja. Alibadili kalamu. Siku moja kwa wiki aliweka namba ndogo, na pembeni akaandika "mvua". Hata kiasi cha uchovu alikishusha polepole, nane, saba, saba, sita, kama kinavyoshuka kwa mtu anayepona kweli. Kama angeletewa daftari lile kazini, angelipitisha.

Wiki ya sita daftari lilifika dakika arobaini.

Binti aliposoma alifurahi hadi akapiga makofi. "Mama, simama tafadhali. Waambie wenzako umefanyaje."

Mama Gramu alisimama. Alikuwa na nafasi ya kusema chochote. Angeweza hata kusema ana aibu ya kuongea mbele za watu. Badala yake akasema: "Ni nidhamu tu. Uchovu unataka kuonyeshwa nani mkubwa ndani ya nyumba."

"Mimi nikifika kumi na mbili miguu inakuwa ya mtu mwingine," alisema muuza mchele. "Naiambia twende, inaniuliza twende wapi, wewe nani?"

Wote walicheka. Binti akataka kusema jambo, ila Mama Gramu alimtangulia.

"Jikaze," alisema.

Muuza mchele aliacha kucheka. Alimtazama kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea agizo.

Wiki iliyofuata kiti cha muuza mchele kilikuwa kitupu. Wiki iliyofuata hiyo pia. Baada ya mazoezi Binti alimwita Mama Gramu pembeni. Alikuwa na bahasha mkononi.

"Barua yako, mama. Nimeandika kwamba unatembea dakika arobaini bila kupumzika na unaweza kurudi kazi za nje. Daktari ameshasaini." Kisha akashusha sauti. "Mwenzako ameanguka. Alikuwa akitembea, dakika ya ishirini na kitu, karibu na mlango wa soko. Amevunjika mkono. Tangu hapo amerudi kitandani, hata kukaa ni shida. Sijui kwa nini alizidisha hivyo. Nilimwambia asizidi kumi na tatu."

Mama Gramu aliichukua bahasha. Alijua kwa nini. Alisema, "Mungu amsaidie," akaondoka.

Kwenye ngazi za nyumbani alikaa ngazi ya tisa, bahasha mapajani. Ndani yake kulikuwa na kila alichokitaka: kazi, sanduku, sauti yake ya kusikika hadi barabarani. Kukabidhi tu. Mumewe alimsikia, akashuka na ndala zake, akakaa ngazi ya juu yake.

"Umeishiwa mafuta?"

"Baba watoto, sijawahi kutembea dakika arobaini."

"Najua."

Aligeuka. "Unajua nini?"

"Nilishuka siku moja kukuletea kofia. Jua lilikuwa kali. Nikakuona kwenye tangi." Alijikuna goti. "Nikasema labda unapumzika. Siku ya pili nikaona unatazama saa."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Wewe ndiye unayejua uongo ni nini. Mimi kwenye kitabu cha lori nilikuwa naandika saa za kulala safarini na sikulala."

Hakujua limuumize lipi, kwamba alionekana, au kwamba mumewe alimpikia na kumpa maji kila siku huku akijua. Naye mume hana sifa katika jambo hili. Alinyamaza kwa upole, na upole ule uliacha mambo yaendelee hadi mtu mwingine akavunjika mfupa.

Asubuhi Mama Gramu alikwenda kwa muuza mchele. Mwenyeji huyo aliishi chumba kilichokuwa nyuma ya duka lake, kikinuka magunia na dawa ya kuchua. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta hadi kiwiko, umetundikwa kwa kitambaa shingoni.

"Ee! Mama Gramu mwenyewe! Ingia, dada. Umekuja kukagua plasta kama imetimia uzito?"

Mama Gramu alikaa kwenye kigoda. Muuza mchele alirudi kitandani, akajilaza nusu, akihema kama aliyepanda kilima.

"Pole, dada."

"Nishapoa. Ni mimi na kichwa changu. Nilifika dakika ya ishirini na nane, unasikia? Ishirini na nane! Nikawaza, huyu mwenzangu wa arobaini angekuwa bado anadunda." Alicheka, cheko likaishia kwenye kukohoa. "Unanikumbuka lakini? Kabla ya hospitali?"

Hakumkumbuka.

"Uliwahi kuninyang'anya mizani. Duka langu la kwanza, lile la karibu na stendi. Gramu arobaini. Nilikuapiza mwaka mzima, nilikuwa nikikuona nabadili njia. Lakini nilikwenda kuipima kwa mtu mwingine, nikakuta ni arobaini. Si thelathini na tisa wala arobaini na moja. Kwa hiyo hospitali, yule mwalimu akisema dakika zake mimi nacheka, najua watu wanajiongezea. Hata mimi nilijiongezea mbili. Wewe ukisema arobaini, nikasema basi inawezekana. Huyu hawezi kudanganya hata akitaka, hajui inavyofanywa."

Mama Gramu alisikia masikio yakiwaka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani mtu asimwamini kabisa.

"Sikutembea," alisema.

"Hukutembea lini?"

"Zile arobaini. Sikuzitembea. Wala thelathini na moja, wala ishirini na tatu. Niliandika tu."

Muuza mchele alitabasamu, akingoja mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Za kweli ni ngapi?"

"Sita. Siku nyingine tano."

"Na zilizobaki?"

"Nilikaa."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji."

Nje mtu aliuliza bei, akajibiwa na mtu mwingine.

"Mimi," alisema muuza mchele polepole, "nimeanguka mbele ya wateja wangu, sketi imepanda hadi hapa, wapakiaji wananiinua wanne wanne kama gunia, kwa sababu ya kumfukuzia mtu aliyekaa nyuma ya tangi?"

"Ndiyo."

"Na ukaniambia jikaze."

"Nilikuambia."

"Na mizani yangu uliichukua."

"Niliichukua."

"Gramu arobaini! Angekuja mtu akasema mama nisamehe, nina watoto, ungemwachia?"

"Hapana. Sikumwachia yeyote."

"Basi na mimi usiniombe msamaha leo. Mkono unaniuma, sina nafasi." Aligeuza uso ukutani. Kisha, bila kugeuka: "Barua ya kazi umepata?"

"Imo kwenye mkoba."

"Nenda ukawaambie wote. Si mimi peke yangu. Yule mwalimu naye anajikaza, anatoka jasho kama bomba, anadhani atakufikia. Waambie Jumanne. Usiposema, nitakuja na plasta yangu niseme mimi, na mimi nikisema naongeza chumvi."

Jumanne ilifika. Mama Gramu hakungoja zamu yake. Alisimama kabla Binti hajafungua daftari la mahudhurio, na akasema alichosema kwa muuza mchele, kwa maneno yale yale, pamoja na tangi. Alitaja pia namba zisizo za mviringo, kalamu mbili na neno "mvua", maana aliona kusema nusu kungekuwa kupunja tena. Wanawake waliokuwa wakimwinukia alipoingia walitazama sakafu. Mwalimu wa chekechea alianza kulia, na haikuwa kwa huruma.

"Nimekuwa nikitapika," alisema. "Kila nikirudi. Nikajua nina kasoro, kwa nini mwenzangu mzee kuliko mimi anaweza."

Mama Gramu alimpa Binti ile bahasha.

Binti aliishika bila kuifungua. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto. "Kosa ni langu pia," alisema. "Nilitakiwa kukupima mwenyewe kabla ya kuandika barua. Ndiyo utaratibu. Wengine nawapima. Wewe nilikuonea haya, mama. Nilisema nitampimaje mtu kama huyu, ataona simwamini." Alivuta pumzi. "Twende sasa."

Walitoka kwenye korido ndefu. Sakafuni kulikuwa na vipande vya utepe mwekundu kila baada ya mita kumi. Wagonjwa wengine walikuwa wamepanga foleni ya dawa, wakitazama. Mama Gramu alianza kutembea, Binti kando yake na saa. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Dakika ya tano alianza kusikia mapaja yakijaa maji. Ya sita aligusa ukuta. Binti hakumwambia jikaze, hakumwambia vizuri sana.

"Saba," alisema Mama Gramu, akasimama. "Basi."

"Dakika saba," aliandika Binti.

Waliporudi chumbani ilikuwa zamu ya kukaa. Viganja mapajani, macho yakafumbwa. Safari hii hakupanga orodha ya maduka, kwa sababu hakuwa na maduka tena. Pumzi iliingia. Aibu ikaja nayo, kubwa, yenye sauti ya mwalimu akisema anatapika. Alitaka kuikimbia kama alivyoikimbia wiki zote, maana uongo wote ule ulikuwa kukimbia tu, kukimbia akiwa amekaa. Akaitazama. Ilikuwa kifuani, chini kidogo ya koo, na ilikuwa ya moto. Ilikaa. Pumzi ikatoka. Pumzi nyingine ikaingia, aibu ingali pale, wala haikumuua. Dakika kumi zilipokwisha ilikuwa bado ipo, na nadhani ilistahili kuwepo.

Kwa mkuu wake alikwenda Alhamisi. Mkuu huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na aliinuka kumwamkia: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sina barua. Natembea dakika saba. Sanduku siliwezi. Na si uvimbe tumboni, ilikuwa saratani ya mfuko wa uzazi."

Mkuu aliona haya, akapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika. Alisema pole mara nne. Alisema ukaguzi wa masoko utaendelea na mwingine, na kwamba kuna meza chumba cha ndani, ya kupokea maombi ya leseni, nusu siku, hadi watakapoona. Suala la kustaafu lingengoja taarifa ya hospitali, ya kweli safari hii. Alipotoka, Mama Gramu alipita wakaguzi wenzake wakiyafuta mawe ya mizani kwa kitambaa, wakijiandaa. Walimsalimu. Mmoja akauliza, "Kamanda, lini tena?" Akajibu hajui.

Mwezi wa nne wa kikundi, muuza mchele alirudi. Plasta ilikuwa imekwisha kutolewa na mkono umebaki mwembamba, ngozi yake nyeupenyeupe. Hakukaa karibu na Mama Gramu. Alichagua kiti cha tatu kutoka kwake, akaweka mkoba kwenye kile cha katikati ili mtu asikikalie. Hakumsalimu. Mwalimu wa chekechea, ambaye tangu siku ile alimsalimu Mama Gramu kwa kichwa tu, alisogeza kiti chake amkaribishe.

Wakati wa kutembea walitoka wote koridoni. Muuza mchele alitembea polepole, akishika mkono wake. Walipokutana kwenye utepe, mmoja akienda, mwingine akirudi, aliuliza bila kusimama:

"Uko ngapi siku hizi?"

"Kumi na moja."

"Za kwako au za tangi?"

"Za kwangu. Lakini kati yake nasimama mara mbili."

"Mara mbili wapi na wapi?"

"Ya nne, na ya nane."

Muuza mchele alikwenda hadi mwisho wa korido, akageuka, akarudi. Walipokutana tena alikuwa akihema. Alitazama saa ya ukutani, kisha akamwita Binti aliyekuwa mlangoni.

"Binti! Huyu umempima mwenyewe?"

"Nimempima, mama. Jumanne iliyopita."

"Haya." Aliegemea ukuta, akafuta jasho kwa ncha ya kitambaa. "Mimi leo naishia nne. Na ole wake atakayeniambia neno."

Mama Gramu hakumwambia neno. Alikuwa na dakika saba bado; alipumzika kidogo, akaendelea kutembea.